Hakuna Anayerudi Peke Yake

Kabla hajakusalimia wewe, Kapteni aliisalimia baiskeli yako. Aliishika usukani kwa mkono mmoja na siti kwa mwingine, akaiinua kidogo, kisha akaiachia idondoke huku ameinamisha kichwa anasikiliza. Kilicholegea kilijitaja chenyewe. Yangu ilipodondoka mara ya kwanza ililia kila mahali, na wanaume waliokuwa pembeni wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kuanzia mtandio mpaka ndala, akauliza, "Hii umeinunua au umeiokota?"

"Nimeinunua, Kapteni."

"Basi aliyekuuzia ndiye aliyeiokota."

Hivyo ndivyo alivyonipokea kwenye mazoezi, mimi ambaye alinijua miaka na miaka. Ukapteni wake hakupewa na mtu. Hakuwahi kuwa mwanajeshi wala nahodha wa kitu chochote. Alikuwa fundi wa maturubai na mahema, ana kibanda mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, na mimi nina duka la zipu, vifungo na nyuzi mtaa huohuo. Uzi wake mnene alinunua kwangu. Yeye ndiye aliyeniita Mama Zipu, jina likaenea, na mpaka leo wapo majirani wasiojua kwamba wazazi wangu walinipa jina.

Kila mwaka, masika yakishakatika, kundi la waendesha baiskeli wa Kariakoo na mitaa ya jirani huondoka Mnazi Mmoja alfajiri na kuingia Morogoro jioni. Ni safari ya siku nzima, barabara moja, malori kulia kwako tangu unatoka mpaka unafika. Wenye uzoefu hujiendea wenyewe mbele. Wanaoanza walikuwa mali ya Kapteni. Aliwafundisha miezi kadhaa bila kupokea hata soda, na siku ya safari alikaa nao nyuma.

Sababu yangu ya kujiunga ilikuwa moja, nami naitaja mapema ili nisionekane mtu wa kulalamika bure. Baba yangu alikuwa anaishi Morogoro. Tulipokuwa wadogo alikuwa na baiskeli, na kaka zangu wote aliwafundisha kuipanda. Sisi wasichana tulikuwa tunaiosha. Nilipomwambia kwa simu kwamba nafanya mazoezi ya kuja kwake kwa baiskeli, alicheka, akasema, "Njoo nione." Tangu siku hiyo kila alipopiga simu hakuniuliza habari za duka wala wajukuu, aliniuliza nimefika wapi na mazoezi. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kutembea zaidi ya baraza. Daktari wake alishatuambia tusitegemee muda mrefu. Kwa hiyo mimi sikuwa napunguza uzito, wala sikuwa natafuta picha za kuweka mtandaoni.

Somo la kwanza la Kapteni lilikuwa kwenda polepole. Jumapili baada ya sala ya alfajiri, kabla wafanyabiashara hawajatandaza bidhaa, mitaa ya Kariakoo huwa mitupu, na hapo ndipo alipotushindanisha. Wa mwisho kufika ndiye mshindi. Anayeweka mguu chini ametoka. "Mbio hata kuku anaweza," alisema. Wanaume wenye mapaja makubwa waliokuja kwa majivuno walianguka mmoja mmoja kama magunia, na mimi niliyekuwa natetemeka nikajikuta nabaki. Nilimchukia kwa mazoezi hayo, na ni kweli pia kwamba yaliniweka wima kwenye siti mpaka leo.

Somo la pili lilikuwa ishara. Kwenye msafara mtu hupanda karibu sana na mwenzake, haoni barabara. Aliye mbele akiona shimo anaweka mkono nyuma ya mgongo na kuchezesha vidole upande wenye shimo, na wa nyuma yake anafanya hivyohivyo mpaka ishara imfikie wa mwisho. Asiyepitisha ishara alitukanwa mbele ya watu. "Tazama mgongo wa aliye mbele yako," alikuwa akisema. "Barabara aachie yeye." Nikiyakumbuka maneno hayo sasa nakunja uso, maana niliyafuata kuliko mtu yeyote.

Alikuwa na ulimi mbaya. Kumsifu mtu mbele yake hakujua, alimsifu akishaondoka, tena kwa sauti, ili waliobaki wajione hawafai. Mimi aliniambia nakanyaga pedali kana kwamba nakanyaga unga. Wakati huohuo ndiye aliyeniona nahangaika na sketi, akanyamaza, na juma lililofuata akaleta suruali pana iliyobanwa kwenye kifundo cha mguu, ameishona mwenyewe kwa kitambaa chepesi, na nyingine za akina mama wote wa kundi. Nilipotaka kumlipa alinigeuzia mgongo. Alitukataza soda na vitumbua, halafu mfuko wake wa nyuma wa shati ulikuwa na sambusa zilizofungwa kwenye gazeti. Ukiwa umechoka kweli alikupa moja bila kukutazama.

Na uongo aliuchukia. Alikuwepo kijana mmoja wa benki aliyesema amejifanyia mazoezi peke yake mpaka Kibaha. Kapteni alimuuliza maswali mawili matatu kuhusu vilima vya njiani, kijana akababaika. Alimfukuza palepale. "Bora uniambie uliishia Kimara," alimwambia. "Anayedanganya alipofika, nitamwamini vipi akiniambia mbele kuna shimo?" Tulitazamana sisi wengine, tukaona tuna kiongozi wa kweli.

Tulipoanza kuzoea alitupeleka Kigamboni. Tulivuka na baiskeli zetu Magogoni kwa pantoni, na upande wa pili akatuachia barabara ya tambarare twende na kurudi. Yeye alikaa kwenye benchi la muuza kahawa, akitusubiri na kutupigia filimbi. Sikuona ajabu. Mwalimu wa kuogelea naye hukaa ukingoni.

Kulikuwa na sheria moja ambayo aliitunga yeye, na ndiyo iliyompa heshima kuliko zote: hakuna anayerudi peke yake. Anayeshindwa njiani hapandi basi la kwenda mbele, kwa sababu Morogoro, alisema, haifikiwi kwa basi. Anarudi Dar, na Kapteni anarudi naye. Baiskeli mbili zinafungwa juu ya Coaster, watu wawili wanakaa kiti kimoja, na yule aliyeshindwa analetwa hadi mlangoni kwake. Watu walilisimulia jambo hili mpaka machozi yakawalengalenga. Mtu anafundisha miezi yote ile, halafu siku yenyewe anajinyima safari kwa ajili ya dhaifu mmoja. Mke wa mmoja wa wanachama alisema laiti waume wangekuwa hivyo. Na mimi nilimpenda kwa hilo, sitakataa.

Siku yangu ilipofika tulikuwa wanagenzi watatu. Tulipumzika Kibaha, tukanywa chai. Kapteni alikaa karibu yangu, na kwa sababu nilikuwa na furaha inayomfanya mtu aropoke, nikamweleza yote. Nikamwambia kuhusu baba, baiskeli tuliyokuwa tunaiosha, miguu yake iliyovimba, na dada yangu aliyenipigia asubuhi kusema mzee ameamka mapema ametaka anyolewe ndevu. Kapteni alinisikiliza mpaka mwisho. Akanikatia nusu ya chapati yake.

"Atakuona," alisema.

Tulipokaribia Mlandizi nilikuwa nimeingia ule mwendo ambao miguu inajiendea yenyewe na kichwa kinapata nafasi ya kufikiri mambo mengine. Nilikuwa nafikiria nitakapoiegemeza baiskeli nikifika kwa baba. Wenzangu wawili walikuwa wametangulia kidogo. Kapteni akaja sambamba nami, akaniambia nisimame. Nikasimama. Akaniwekea vidole viwili chini ya taya, akatazama juu, akawa kama anahesabu.

"Mama Zipu, moyo wako unakwenda vibaya."

"Mbona sijisikii kitu, Kapteni?"

"Ndivyo unavyoanza. Wale wanaokufa barabarani unadhani huwa wanajisikia?"

"Nikipumzika kidogo je?"

"Leo basi. Umejitahidi."

Niliogopa. Mtu ambaye alisikia skrubu iliyolegea kwenye baiskeli, kwa nini asiusikie moyo? Nililia pale kando ya barabara huku malori yakinipulizia vumbi, naye akanishika bega kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. Nilimpigia dada yangu nikamwambia siji. Kapteni alisimamisha Coaster, akafunga baiskeli mwenyewe, akaninunulia machungwa. Tulipopita Kibaha alikuwa ameshalala. Alilala mdomo wazi, kichwa kwenye kioo, usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Baadaye nilikwenda kupimwa. Daktari akaniuliza nani aliyeniambia nina moyo mbaya. Nikasema mwalimu wangu wa baiskeli. Akatabasamu, akaniandikia vitamini. Hata hapo sikushuku. Nilijiambia labda ulikuwa uchovu wa siku ile.

Dada yangu alinisimulia yaliyotokea Morogoro, na hakuyasimulia kwa mara moja, alinipa kidogokidogo kwa kuniogopea. Baba alinyolewa, akavaa kanzu yake nyeupe, akataka kiti kitolewe nje kuanzia adhuhuri. Alipoambiwa kwamba nimerudi Dar hakukubali. "Ametoka alfajiri, atakosaje kufika?" alisema. Walimletea chakula palepale kitini. Magharibi ilipoingia walimbeba kumrudisha ndani, naye akasema kiti wakiache, huenda nimepata pancha. Hakufikia masika yaliyofuata.

Mwaka uliofuata nilijiandikisha tena. Nilijiambia ni kwa ajili yake, ingawa nilijua hakuna tena wa kunitazama. Safari hii sikuwa mgeni, nilikuwa na wenye uzoefu, lakini kwa mazoea nikabaki karibu na nyuma. Wanagenzi walikuwa wachache, mmoja wao binti wa Kihindi wa Kisutu, daktari wa meno, mpole, mwepesi, mwenye ukanyagaji safi kuliko wangu. Kila mazoezi alituletea dhokla, mkate wa dengu aliopika mama yake. Nilikuwa mbele yake kidogo tulipokaribia Mlandizi, nikasikia nyuma yangu sauti ya Kapteni, ileile ya upole.

"Daktari, goti lako hilo linaingia ndani. Leo basi. Umejitahidi."

Nikageuka. Binti alikuwa amesimama, anaangalia goti lake kwa mshangao. Halikuwa na kitu. Nilikuwa nimemwona tangu Mnazi Mmoja, anakanyaga sawasawa. Kisha nikamtazama Kapteni kwa mara ya kwanza kama yeye alivyozitazama baiskeli zetu. Jasho lake halikuwa la jua. Mguu wa kulia alikuwa ameuning'iniza, haugusi pedali, na mkono wake ulikuwa umekamata nyonga. Alikutana na macho yangu. Niligeuka nikaendelea, na nilikanyaga kwa hasira mpaka Chalinze bila kujua nimepita wapi.

Nilifika. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa baba, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikakaa chini kwenye sakafu ya baraza. Dada alitoka akanikuta hapo, naye akakaa. Sikupata ile furaha niliyoisikia kwa wengine. Nilichopata ni maumivu ya mgongo na picha ya kanzu nyeupe.

Jioni kundi lilikutana kula. Niliuliza, kana kwamba naulizia jambo dogo, "Kapteni akija huku huwa anafikia wapi?" Mmoja akasema kwa ndugu zake. Mwingine akasema nyumba ya wageni karibu na stendi ya Msamvu. Walipoulizana mwaka gani, kila mmoja akagundua kwamba mwaka wake Kapteni alirudi na mtu, ila wa mwaka mwingine bila shaka walimwona. Watu wakaanza kupunguza sauti. Palikuwa na mzee wa Kihindi mwenye duka la rangi, mwanachama wa zamani kuliko wote pale mezani. Aliacha kutafuna, akanitazama kwa muda.

"Mama," akasema, "kula. Chakula kinapoa."

Nikala. Sikumwambia mtu yeyote, na wala sijifanyi kwamba nilinyamaza kwa wema. Nani mwingine angeamka alfajiri kila Jumapili kufundisha watu bure? Bila Kapteni hakuna msafara. Kwa hiyo kila mwaka alimchagua mmoja, akamwambia ana moyo, au goti, au macho, na mmoja alirudi nyumbani anajiona mbovu huku mtaa ukimsifu aliyemrudisha. Binti wa Kisutu hakupanda baiskeli tena. Nilimkuta siku moja mtaani, nikamwambia goti lake ni zima. Akacheka kwa adabu, akasema, "Kapteni aliliona mwenyewe, aunti." Mimi na Kapteni tukaendelea hivyohivyo, salamu na uzi, uzi na salamu. Alipoingia dukani nilimpimia haki yake na sikumkaribisha kukaa.

Mwaka huu kibanda chake kimefungwa. Mikono imeanza kutetemeka, turubai haliendi sawa chini ya sindano. Kundi bado linamwita Kapteni na bado anapiga filimbi Mnazi Mmoja, ila wanaoanza wanafundishwa na wengine. Kama wiki mbili zilizopita alikuja dukani mchana, wakati ambao watu wamekwenda kula na mtaa umetulia.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, Mama Zipu. Nina neno."

Safari hii alikaa bila kukaribishwa. Alinyoosha mguu wa kulia mbele yake, akautazama.

"Mimi Morogoro sijafika," alisema.

"Kwa baiskeli."

"Kwa baiskeli. Nyonga hii. Ikifika Mlandizi inakaza, mguu hauinuki. Tangu mwanzo, hata nilipokuwa na nguvu zangu."

"Ungesema."

"Nani atamfuata Kapteni asiyefika?" Aliuliza kama mtu anayetaka kujibiwa. Akasogea mbele kwenye kiti. "Nipeleke. Sisi wawili tu, grupu lisijue. Tukilala njiani tulale, hata mara tatu. Nikianguka ninyanyue twende. Usinirudishe."

"Kwa nini mimi? Wapo vijana."

"Wewe unajua, na hukunisema. Na miguu yako ni mizuri. Ilikuwa mizuri tangu mwaka ule."

Aliyasema hayo kwa kunisifu. Ndiyo mara pekee aliyonisifu nikiwepo. Miaka hii yote nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia siku kama hiyo, maneno makali, na hakuna hata moja lililokuja. Lililokuja ni swali.

"Pale Kibaha nilikueleza habari za baba yangu. Uliponisimamisha, ulizikumbuka?"

Nilitaka aniambie alisahau. Watu huambiwa mambo mengi kwenye chai, na mtu mwenye maumivu husahau. Nilikuwa tayari kuyapokea hayo. Kama angeniambia alisahau, wallahi ningefunga duka kesho yake, nikampeleka hatua kwa hatua, na Msamvu ningemshika mkono aingie mbele yangu.

Kapteni alifikiri. Naamini alikuwa anatafuta ukweli, kwa sababu alijua nimechoka na yasiyo kweli.

"Nilikumbuka," alisema. "Lakini mguu ulishakataa, na wale wenzako walikuwa wameshapita. Ulibaki wewe."

Nje mtu alikuwa anakokota mkokoteni akiomba njia. Tulisubiri upite.

"Hapana, Kapteni," nikamwambia. "Tafuta mwingine."

"Hakuna mwingine."

Hakulisema kwa kulalamika. Alishika ukingo wa meza, akainuka kwa shida, nami sikumpa mkono. Mlangoni alisimama kidogo, nadhani akingoja nibadili neno. Kisha akatoka. Wauza mitandio wa ng'ambo ya barabara walimwona, wakamwita kwa furaha, "Kapteni, mwaka huu vipi, tunaenda?" Naye akanyoosha mgongo, akawapungia, akawaambia tunaenda. Nilimtazama anavyovuta mguu kati ya watu mpaka alipokata kona. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumwita, na sikumwita.